Silali, na Sihami

Watu wanaolala wana kiburi. Wenyewe hawajijui, lakini wanacho. Mwambie mmoja wao kwamba wewe usingizi huna, atakutazama kama umemwambia hujui kusonga ugali, kisha atakupa ushauri. Jichoshe mchana. Usiwaze sana. Soma dua, ulale. Mie nina miaka hamsini na minne, naanika dagaa ufukweni Kibirizi tangu sijaolewa, nachota maji, napika, nafua, halafu mtu aliyeshinda kwenye kiti ananiambia nijichoshe! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Huu ni mwaka wa sita silali. Kukesha kulianza bila sababu, na hilo ndilo linalowaudhi watu. Wanataka sababu. Umefiwa? Sijafiwa. Mume kaoa mke mwingine? Thubutu yake. Una jambo moyoni? Kila mtu ana jambo moyoni, na wengine wanakoroma nalo. Usingizi uliondoka tu. Nalala saa nne, na saa saba jicho limeshafunguka, kavu, halitaki kurudi. Pembeni yangu mume wangu, seremala, anakoroma utadhani bado yuko karakana anapasua mbao. Nampenda, lakini kuna usiku nimemtazama kwa chuki ya kweli, na sioni haya kusema.

Nimejaribu kila kitu. Mchaichai niliunywa mpaka shina la uani kwangu likabaki vijiti, faida yake ikawa ni kwenda chooni mara nne. Maziwa ya moto yaliniletea gesi. Shangazi yangu wa Ujiji, kule nilikozaliwa, alisema nipake nyayo mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kabla ya kulala. Nikapaka. Mume wangu akalalamika shuka zinanuka mise, na mie nikateleza nikielekea mlangoni, nikagonga paji la uso. Shehe alinisomea kisomo, akanipa kombe nikanywa. Moyo ulitulia sana, nikawa macho kwa utulivu. Mwenzangu wa vichanjani, Mkristo wa Kasulu, akanipeleka kanisani kwao nikaombewa. Dua ya mtu siikatai. Nilirudi nyumbani nimefurahi, na saa saba jicho hilo hapo.

Ndipo nikanunua vidonge. Sikuandikiwa na daktari, nilijiendea mwenyewe duka la dawa, nikamwambia yule binti nipe cha kulaza. Akanipa. Jamani, ule haukuwa usingizi. Ulikuwa kama mtu kakuvisha gunia kichwani. Unaamka hujui siku, hujui kama umeswali. Na hapo nikafanya kosa ambalo watu wa huku kwetu hawajanisamehe mpaka leo.

Asiye wa huku nimweleze jambo moja. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa. Jioni vipe, mitumbwi yetu ya kuvulia, vinaingia majini na taa zake, dagaa wanafuata mwanga, wanazungushiwa wavu, na alfajiri sisi akina mama tupo ufukweni na mabeseni kungoja. Kwa hiyo uvuvi ni wa siku za giza. Mwezi ukishakua, ziwa zima limekuwa taa, dagaa hawana haja ya kufuata balbu ya mtu. Siku hizo tunaziita mbalamwezi. Vipe vinavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, wanaume wanalala, na sisi pia tunalala. Kibirizi nzima inalipa deni lake la usingizi.

Basi maisha yangu yamegawanyika hapo. Wakati wa giza, mwanamke aliye macho saa tisa usiku anaitwa mchapakazi. Wakati wa mbalamwezi, mwanamke yuleyule, saa ileile, hana la kujitetea. Kama si kazi, basi yuko nje kufanya nini?

Usiku wa kosa lile nilikuwa nimemeza vidonge viwili badala ya kimoja. Nikaamka, au niseme niliinuka, maana kuamka ni kitu kingine. Nikajifunga kanga, nikachukua beseni, nikatoka. Kutoka Gungu kwetu mpaka Kibirizi ni mwendo wa nusu saa na zaidi kwa miguu. Kijiweni hapakuwa na bodaboda hata moja, wala sikujiuliza kwa nini. Njia nzima ilikuwa nyeupe, kokoto unazihesabu, na mie natembea tu na beseni langu kichwani. Nilipofika, vipe vyote vilikuwa mchangani. Vichanja vitupu. Hakuna mtu. Nikashuka mpaka maji yakanifika vifundoni, nikasimama.

Mlinzi wa pale, mzee tunayefahamiana, alikuja na tochi yake asiyoihitaji. Akaniuliza, "Mama, unangoja nini hapa?"

"Nangoja vipe," nikamjibu.

Mzee yule akautazama mwezi, akanitazama mie, akarudi nyuma hatua mbili. Nilipopita kurudi nyumbani alikuwa ameingia kwenye kibanda chake na kufunga mlango.

Ilipofika alasiri, habari ilikuwa imenitangulia kila mahali. Ati nimeonekana majini usiku wa mwezi mpevu, na beseni. Wengine wakasema beseni lilikuwa jekundu. Lilikuwa la kijani, ninalo mpaka leo! Giza liliporudi na dagaa wakaanza kutoka, mchuuzi wangu wa miaka yote alipita mbele ya kichanja changu akaenda kununua kwa mwingine. Nikamwita, akasema ana haraka. Mwenzangu wa Kasulu alibaki kuanika karibu nami, Mungu ambariki, lakini hata yeye akaninong'oneza, "Dada, nakuomba, usiwe unatoka usiku." Jina lenyewe hakuna aliyelitamka mbele yangu. Halikuwa na haja ya kutamkwa. Mtu asiyelala usiku, anayezunguka mwezi ukiwaka, huku kwetu ana jina moja tu, na ni mchawi.

Vile vidonge nilivimwaga chooni. Nikaenda hospitali, mara hii kwa daktari mwenyewe. Alikuwa mama kijana, amehamishiwa huku kutoka mbali, bado anauliza watu maana ya "mwakeye" wakimwamkia asubuhi kwa Kiha. Lakini huyo alinisikiliza. Ndani ya miaka yote ile alikuwa wa kwanza kuniuliza, "Usipolala, unafanya nini?"

Nikamwambia, "Najilaza, nafumba macho, nangoja."

"Hapo ndipo unapokosea," akasema. "Kitanda chako kimeshazoea kuwa mahali pa kukesha. Ukiona usingizi haujaja, toka kitandani. Kaa pengine, tulia, usishike simu. Ukisinzia ndiyo urudi. Mchana usilale hata ukiona kizunguzungu. Na asubuhi uamke saa ileile kila siku, giza au mbalamwezi."

Nilitoka pale nimefurahi kama nimepewa kiwanja. Kukaa tu! Tatizo likawa nikae wapi. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili na sebule, chumba kimoja kina mpangaji, na sebuleni wanalala wajukuu zangu wawili wanaosoma hapa. Kwa hiyo nikakaa barazani, kwenye kigoda, uso barabarani. Saa saba natoka, nakaa, nasikiliza mbwa. Kichwa kikianza kulegea naingia ndani.

Na dawa hiyo ilifanya kazi. Mwezi wa kwanza si sana. Wa pili, nikaanza kulala saa tisa na kuamka saa kumi na moja. Masaa mawili ya kweli, bila gunia kichwani! Siku ya kwanza iliponitokea nililia, nikamwamsha mume wangu nimwambie nimelala. Akaniambia, "Sasa unaniamshia nini?" akageukia ukutani.

Lakini baraza langu linatazamana na nyumba ya fundi cherehani. Huyu ni mwanamke wa rika langu, mjane, tumekuwa majirani miaka mingi. Tumeazimana chumvi, mwiko, hata kanga za kuendea msibani. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku mumewe alipotolewa ndani kwenda kuzikwa. Sasa katikati ya mwezi ule mtoto wa nyumba ya tatu alishikwa na degedege usiku. Alipelekwa hospitali, akachomwa sindano za malaria, akapona, leo anakimbia na tairi. Lakini kabla hajarudi nyumbani, maneno yalishafika: usiku ule wa degedege, nilikuwa nje. Nilikuwa barazani. Kuna mtu aliyeniona.

Usiku wa pili yake likaja jiwe juu ya bati. Wajukuu waliruka wakapiga kelele. Usiku uliofuata yakaja mawili.

Mume wangu si mwoga, lakini asubuhi ile alikunywa chai amesimama. Akasema, "Mama nanihii, twende kwa kaka Kasulu. Mwezi mmoja tu, maneno yapoe."

"Maneno ukiyakimbia yanakaa kwenye nyumba yako," nikamwambia. "Sihami."

"Basi ulale ndani. Kama usingizi hauji, jilaze hivyohivyo na taa uizime. Nani atajua?"

Niseme kweli, niliogopa. Katika nchi hii wapo wanawake wa umri wangu waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu, na yangu ni mekundu, kwanza kwa moshi wa kuni, pili kwa kukesha. Nilikuwa naogopa hata kujitazama kwenye kioo. Kwa hiyo nilimsikiliza. Siku nne nilijilaza gizani nikiigiza usingizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Yale masaa mawili yakaondoka. Siku ya nne nilikuwa nimeuma shuka kwa meno ili nisipige yowe. Nikajiuliza, hivi namdanganya nani? Nimezaliwa huku, nimezaa huku, sijawahi kumchukulia mtu hata kijiti, leo nijifiche kwa sababu ya ugonjwa? Mwe!

Usiku wa tano nikatoka. Nikawasha na taa ya nje, ile tunayoiwasha kukiwa na wageni tu. Nikakaa chini yake, nikakunja miguu, nikaangalia barabara. Kama ni kuonwa, basi nionekane vizuri. Nilikaa hivyo, na saa tisa na nusu nikasinzia, nikaingia ndani nikalala.

Siku tatu baadaye mwenyekiti wa mtaa akaita kikao. Alikuwa mzee mwenye busara zake, hakutaka damu mtaani kwake, na alinitumia ujumbe kwamba nije na mume wangu, ili "tuyamalize". Jumamosi baada ya alasiri tukakusanyika uani kwake, watu kama thelathini, wengine wamekuja kutazama tu. Tulikalishwa kwenye benchi la mbele, mimi na mume wangu.

Mwenyekiti akasema, "Hapa hakuna anayemtuhumu mtu. Tunataka kujua tu. Mwenye la kusema aseme."

Kisha yule fundi cherehani akasimama. Sikuwa najua kuwa ni yeye, wallahi. Nilidhani vijana wa kijiweni, nilidhani mlinzi wa Kibirizi. Alikuwa na utepe wake wa kupimia shingoni, sauti imempwaya, hakunitazama. Akaanza kuhesabu. Usiku wa degedege, nilitoka saa saba na dakika chache, nikakaa mpaka saa tisa. Usiku uliofuata, saa nane. Jumanne, saa saba na nusu, nikainuka mara mbili, nikarudi. Alhamisi nilikuwa nimejifunga kanga nyeusi. Wiki ya mbalamwezi, kabla ya degedege, sikukosa hata siku moja. Kila alichosema kilikuwa kweli. Hata mie mwenyewe nisingeweza kuzitaja zile saa kwa usahihi namna ile.

Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma akasema, "Lisemwalo lipo." Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, unajibu nini?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ya daktari, ya kitanda na kigoda, na cheti cha hospitali nilikuwa nacho kwenye mkoba. Yote yakatoweka kwa hasira. Nikamtazama jirani yangu, nikasema:

"Mimi nilikuwa nje, sikatai. Saa saba, saa nane, saa tisa, kila usiku, amesema kweli tupu. Sasa mie namuuliza yeye. Wewe uliyeniona saa saba, ukaniona saa nane, ukaniona nikiinuka na nikirudi, mbalamwezi nzima usikose hata siku moja, wewe ulikuwa umelala na jicho gani?"

Uwanja mzima ulilipuka. Watu walicheka wakapigana mabega. Hata mwenyekiti aliinama kujificha. Mume wangu akapiga goti lake na kofi, akasema, "Naam!" Nilikuwa nimeshinda, na nilijua. Nilisikia utamu wake mpaka kwenye ulimi, siwezi kudanganya.

Kisha kicheko kikaanza kubadilika. Kijana mmoja akasema, "Kumbe wako wawili." Mwingine akasema, "Wanakutana." Waliokuwa wamekaa karibu na fundi wakajivuta pembeni kidogo, wakamwachia nafasi, kama mlinzi wa Kibirizi alivyoniachia mie. Yule mama wa "lisemwalo lipo" sasa alikuwa anamtazama yeye. Fundi alikuwa ameushika ule utepe kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza siku ile aliinua uso akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Na yeye hapiki kwa kuni, anapika kwa gesi.

Ningeweza kukaa chini. Nasema haya wazi kwa sababu nusu ya nafsi yangu ilitaka kukaa. Aliniuza huyu, kwa saa na kwa dakika. Mawe yaliyotua juu ya vichwa vya wajukuu wangu yalianzia mdomoni mwake. Nikikaa, kesho dagaa wangu wananunuliwa, na mawe yanahamia bati la ng'ambo ya pili.

Sikukaa. Nikatoa cheti cha hospitali, nikampelekea mwenyekiti mkononi.

"Soma mwenyewe," nikasema. "Huu ni ugonjwa, na kukaa barazani ndiyo dawa niliyoandikiwa. Na huyu naye anaumwa kama mie, ila hajaandikiwa. Kama mnatafuta wachawi, waandikeni wawili, jina langu litangulie. Kama hamtafuti, basi kuanzia leo atakayetupa jiwe juu ya bati la mmoja wetu, tutamjua, maana saa hizo mnazotupa mawe sisi tuko macho!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikisoma kile cheti polepole, midomo ikicheza, akakikunja, akanirudishia. Akasema mambo ya mvua na malaria na vyandarua, akasema atakayerusha jiwe atapelekwa kituoni, akafunga kikao.

Fundi alinifuata mpaka kwenye kona ya nyumba ya mwenyekiti. Mume wangu akatangulia, ana akili yule mtu akitaka. Tulisimama pale wawili, jua bado kali.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu afe mume wangu. Mwaka wa tisa."

Miaka tisa! Mie wa miaka sita niliyeona hakuna binadamu ateswaye kama mie. Miaka mitatu kabla yangu, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, alikuwa amelala gizani amefumba macho, taa kazima.

"Hujamwambia mtu?"

"Nani? Ulivyoanza kutoka ukakaa barazani, nikasema sasa watu watashtuka, wataanza kutafuta nani mwingine halali." Akajifuta pua kwa ncha ya utepe. "Nikaona heri waishie kwako."

Nilitaka kumpiga kofi, na mkono ulishanyanyuka mpaka kiunoni. Sijamsamehe. Nilimwambia palepale kuwa sijamsamehe na asidhani cheti kile kilikuwa msamaha.

"Lakini leo usiku utoke nje," nikamwambia. "Ukae kwenye baraza lako, si langu. Na uwashe taa, wakuone."

"Siwezi," akasema.

"Utaweza. Mie nilitoka peke yangu."